Panya wa Kabati la Muziki

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Nimejitia mashakani. Ilichukua dakika moja tu, na mdomo ulikuwa wangu mwenyewe.

Baada ya mazoezi, Afande Nabiswa, kiongozi wa bendi yetu, alitangaza kwamba Jumapili tarehe 18, hapa kanisani kwetu Makadara, bendi itapiga wimbo wa gwaride aliotunga marehemu Makokha, mwanzilishi wetu. Siku hiyo atakuwa ametimiza mwaka tangu azikwe. Mjane wake, Mama Nafula, hajaomba kitu kingine.

Afande akauliza karatasi za wapigaji ziko wapi. Mwenye ufunguo wa kabati la muziki ni mimi. Zipo, zote kumi na nne, moja kwa kila ala. Mzee Mukhwana ndiye aliyeziandika kwa mkono miaka mingi iliyopita. Alikuwa ameketi pale pale, tarumbeta lake kubwa la tuba magotini. Nilijua kitakachofuata. Zingetolewa kabatini, kila mtu ausifu mwandiko wake kama kawaida. Mimi nimepiga korneti ya tatu, tarumbeta dogo, miaka sita na sijasifiwa hata kwa kufika mapema.

Nikasema zimeliwa na panya.

Afande akauliza ngapi. Nikasema zote. Ana namna ya kumtazama mtu, alitoka nayo kwenye bendi ya jeshi, inayokufanya useme zaidi ya ulivyokusudia. Nikaongeza kwamba si neno, nitaziandika upya kwa kompyuta. Wiki moja inatosha.

Sijawahi kuandika hata nota moja kwa kompyuta. Binamu yangu wa chuo kikuu alinipa disketi yenye programu ya muziki, nikamwona akiitumia mara moja.

Mama Nafula akanikabidhi kitabu kikuu cha marehemu, chenye nota za ala zote pamoja, kurasa ishirini na mbili. Hakuna nakala nyingine. Alikishika kidogo kabla ya kukiachilia.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimezitoa karatasi za Mzee Mukhwana kabatini na kuzileta nyumbani ndani ya koti. Ziko chini ya godoro. Nikikaa kitandani zinalia.

Kiwandani Baba Dogo, kwenye stoo ninakofanya ukarani, nimehesabu katoni moja ya sabuni mara nne. Msimamizi ameuliza kama naumwa. Nimesema tumbo. Ilikuwa karibu na kweli.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi Buruburu, kwenye ofisi ya Khawla. Huyu huchapa barua na kadi za harusi kwa kompyuta, na ana subira kuliko watu wote ninaowajua.

Programu haionyeshi muziki hata kidogo. Unaandika herufi: c, d, e, na namba ya kueleza nota inakaa muda gani. Kila ala unaiandika peke yake na kuipa jina. Ukitaka zote pamoja unapata kitabu kikuu. Ukitaja tuba, unapata karatasi ya tuba tu. Kwa maelezo ni kazi ya mtoto.

Khawla akaniuliza, "Kaka Opicho, umeshawahi kuifanya kazi hii?"

Nikasema mara nyingi.

Akanishauri basi nichape ukurasa mmoja kwanza, nikaupige kwa korneti, nione kama uko sawa ndipo niendelee. Ushauri mzuri. Nikamwambia sina muda wa kujaribu.

Nilianza na kichwa cha karatasi. Hicho unakiandika mara moja, kinatokea kwa kila ala. Nikaandika: Imepangwa na N. Opicho. Jina la marehemu nikaliweka chini yake, kwa herufi za wastani.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kompyuta imekataa. Kosa, mstari wa 212. Nikautazama mstari wa 212 saa nzima, hauna kosa lolote. Khawla akaja na glasi yake ya chai, akapanda juu kwa kidole hadi mstari wa 61. Nilifungua mabano pale na sikuyafunga. Kompyuta ilikuwa imeyangojea hadi ikachoka.

Kisha jambo la korneti. Korneti huandikiwa sauti moja juu ya ile inayosikika, kila mpigaji anajua. Nikaiagiza kompyuta ipandishe korneti zote sauti moja. Nilijivunia sana agizo hilo. Nililitoa bila msaada wa mtu.

Khawla alikuwa akinieleza kitu kuhusu wiki ijayo. Nilitikisa kichwa kuitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye printa, karatasi zikitoka moja moja, safi, nyeupe. Mzee Mukhwana hawezi kuandika hivi hata akirudishiwa macho ya ujana.

Jumanne, 13 Oktoba



Nilizigawa karatasi kabla ya mazoezi. Watu walizishangaa. Mbithe wa tromboni alizinusa. Mama Nafula, aliyekuja kusikiliza, aliisoma karatasi moja kwa muda, akaniuliza kwa upole kama Opicho ndiye aliyetunga. Nikasema ni utaratibu wa kompyuta.

Afande akainua mkono. Tukaanza.

Sijui nieleze vipi. Tuba na tromboni zilienda upande mmoja, korneti zote upande mwingine, kama misafara miwili ya harusi iliyokutana kwenye uchochoro mmoja na hakuna inayotaka kurudi nyuma. Afande hakutusimamisha. Alituacha tufike mwisho. Hilo ndilo lililonitisha.

Mama Nafula alikuwa akitazama viatu vyake.

Mzee Mukhwana akaomba kitabu kikuu, akakilinganisha na karatasi yangu. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba marehemu alikwisha kuzipandisha korneti kwa mkono wake mwenyewe alipokuwa akitunga. Kompyuta imezipandisha tena. Alisema kompyuta imezipandisha. Hakusema Opicho. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Afande akanisimamisha wima mbele ya bendi nzima. Akasema, "Jumamosi. Karatasi ziwe sawa. Na kabati nitalikagua mwenyewe, nataka kuona hao panya wako."

Alhamisi, 15 Oktoba

Dawa ni kufuta mstari mmoja. Mmoja tu, kisha uchape upya.

Ofisi ya Khawla imefungwa. Jirani yake, Magan muuza vitambaa, amenieleza kwamba Khawla amekwenda Mombasa kwenye harusi ya dada yake, anarudi Jumatatu. Amesema alimuaga kila mteja Ijumaa iliyopita. Ndicho nilichokuwa nikikitikisia kichwa.

Disketi imo ndani ya kompyuta. Naiona kupitia dirisha, imetokeza ncha.

Kwa binamu nimeuliza. Yuko Kakamega kwa shughuli za chuo.

Jumamosi, 17 Oktoba

Asubuhi nimefikia uamuzi. Nitazitoa karatasi za Mzee Mukhwana na kusema zilikuwa zimeangukia nyuma ya kabati, panya walikuwa wameanza tu kuzila.

Kwa hiyo lazima ziwe zimeliwa kidogo. Nikazilaza kitandani, nikachukua mkasi. Pembeni pembeni tu. Zilionekana kama kazi ya fundi cherehani. Nikajaribu meno. Karatasi ya zamani ina ladha ya vumbi na wino, na haikatiki vizuri. Nikarudi kwenye mkasi kwa haraka, saa zilikuwa zinakwenda, na kwenye karatasi ya tuba nikapitiliza. Vipimo vinne vya muziki vikaangukia shuka. Kati ya ala kumi na nne, ile ya Mukhwana mwenyewe.

Alasiri nikazikabidhi. Afande akazigeuza upande huu na huu. Akafungua kabati, akachungulia, akapiga mlango wake kwa kiganja, akangoja. Hapakutoka kitu. Akasema panya wamesikia anakuja. Sikujua kama alikuwa anatania.

Mzee Mukhwana akachukua karatasi yake. Akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniinamia sikioni.

"Panya huyu ana mkasi."

Nilingoja ageuke kwa Afande. Badala yake akaomba kalamu na kipande cha karatasi, akachora mistari mitano, akaandika vile vipimo vinne bila kufungua kitabu kikuu. Mkono unamtetemeka siku hizi. Nota zilikuwa kubwa, zimeinama, ila hakukosea hata moja. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hasemi.

"Kesho ni siku ya Makokha, kijana wangu. Si siku yako."

Jumapili, 18 Oktoba

Tumepiga.

Nilikuwa na hofu kutoka kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, nikapiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Mahali ambapo bendi yote hunyamaza na tuba hubaki peke yake, nilitambua ni vile vipimo vinne. Mzee Mukhwana alivipiga amefumba macho. Mama Nafula aliweka kitambaa mdomoni na hakukiondoa mpaka tulipomaliza.

Baadaye alimshika Mzee Mukhwana mikono yote miwili, wakakaa hivyo. Nilisimama karibu nikimngoja. Nilikuwa nimeazimia kumweleza yote, naapa, maneno nilikuwa nayo tayari. Akanigeukia, akanishukuru kwa kuzitafuta karatasi hadi nikazipata.

Nikafungua kinywa. Afande alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama.

Nikasema panya wa siku hizi wamezidi.

Jumatatu, 19 Oktoba

Kikao cha bendi. Kitabu chetu cha nyimbo za ibada kimechakaa, kurasa zinadondoka. Afande amependekeza Mzee Mukhwana asimamie kukinakili upya kwa mkono, nasi tumsaidie. Mimi nikapewa kazi ya kuchora mistari. Mistari tu, kwa rula. Mzee Mukhwana akanisogezea kiti kando yake na kusema atanifundisha kuandika nota taratibu, hakuna haraka.

Wote walikuwa wanatabasamu. Khawla amerudi, disketi ninayo mfukoni, na kosa la korneti sasa nalijua.

Nikainua mkono. Nikasema ya nini kuteseka, nyimbo zote mia tatu na kumi na nane zinaweza kuandikwa kwa kompyuta.

Mzee Mukhwana akafumba macho.

Afande akauliza muda gani. Nilikuwa nimekusudia kusema mwaka. Lakini alikuwa ananitazama, na nikasikia sauti yangu ikisema wiki mbili.