Elevesheni ya Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimetukanwa kistaarabu. Na mke wangu mwenyewe! Kwa simu, katika mapumziko yake ya mchana, huko ng'ambo anakotunza wazee wa watu huku sisi wa kwake tukizeeka bila mtunzaji.

Nilimtumia elevesheni ya nyumba yetu, ile tutakayojenga. Elevesheni, kwa wale ambao hawakubahatika, ni sura ya nyumba ukiikabili uso kwa uso. Mimi ndiye mchoraji bingwa wa ofisi hii iliyo juu ya duka la mabati. Chuo niliacha muhula wa pili, na hasara wakapata wao. Kwa hiyo nilikuwa nangoja machozi ya furaha.

Akauliza kama hiyo ni nyumba au stempu. Eti kila kitu kimebandikwa pamoja: ukuta, nguzo, mlango, vyote vimegandana. Na baraza liko wapi? Baraza ambalo nimeliingiza ndani mita mbili kwa mikono yangu, ili akae miguu ameinyoosha na mvua isimguse, halionekani! Akataka kujua atakaa wapi, aning'inie ukutani kama mjusi?

Hilo ningelimeza. La pili ndilo lililonikaba. Akasema nyumba ya dada yake ina kina. Ukiiona tu unataka kuvua viatu uingie. Na ya dada yake imechorwa na Milimita. Milimita! Yule wa meza ya dirishani, anayekunja hata leso yake kwa rula.

Kisha akapunguza sauti. Mkataba wake unaisha mwezi huu. Wanataka asaini miaka miwili mingine, na jibu ni Ijumaa. Akasema anataka kuona anarudia nini.

Nimemwelewa upesi sana, maana wanawake nawajua, nimetembea miji mitatu na katika miwili niliondoka kwa heshima. Anataka kina. Basi atapata kina. Miaka miwili mingine haisainiwi nikiwa hai!

Jumanne, 10 Machi

Nimekwenda kwa Milimita kama mtu anayepita tu. Nikamsifia shati. Akaniambia niseme shida yangu. Roho mbaya.

Darasa lake lilikuwa refu kuliko siku yenyewe. Eti elevesheni haina mbali wala karibu, inakandamiza vyote mahali pamoja kama nguo kwenye sanduku. Kazi ya mchoraji ni kumdokeza mtazamaji. Kilicho karibu, mstari mnene. Kilicho mbali, mstari mwembamba. Nikamjibu hayo niliyajua yeye akiwa bado tumboni. Akanikumbusha kuwa tumezaliwa mwaka mmoja.

Nimeketi kwenye kompyuta nikaanza. Ngazi za mbele, nene. Nguzo, nene. Nikafika kwenye ukuta wa chumba cha kulala, ule uliorudi nyuma. Hapa unatakiwa mstari mwembamba. Mkono ukagoma. Chumba chetu cha kulala kiwe mbali kwa nini? Vya mbali ninavyo tayari, vinanitosha! Nikakipa mstari mnene. Nikaona jiko linanuna, nalo nikalipa. Paa. Madirisha. Vyote viwe karibu, liwalo na liwe.

Nimechapa. Bosi akapita, akainamisha kichwa, akauliza nyumba hii iliungua lini. Nyumbani mama mkwe akaiweka mbali na macho, kisha karibu, kisha akauliza nani amefariki. (Mama mkwe anaishi nami tangu mwanawe aondoke. Kunipikia, ndivyo ilivyosemwa. Kunilinda, ndivyo ilivyo. Nampenda hivyo hivyo, na katika ramani nimempa chumba kizuri kuliko changu, ila sijamwambia, asije akavimba kichwa.)

Nimeituma. Jibu la mke wangu: imepakwa wanja mpaka kwenye bati.

Jumatano, 11 Machi

Mistari ni ya wachoraji wadogo. Sisi wakubwa tunatumia jua!

Programu ina jua lake mwenyewe. Unaliambia tarehe, saa na mahali ulipo, nalo linatupa vivuli bila kuuliza mshahara. Kivuli ndicho kinachosema baraza limeingia ndani. Milimita anasema siku zote tumia jua la mazoea, linalotoka juu kushoto, limelala nusu ya pembe ya mraba. Mimi si mtu wa mazoea. Nikaliweka jua saa kumi na moja na nusu jioni.

Kwa nini saa hiyo? Ni siri yangu na hili daftari. Ndiyo saa aliyokuwa akirudi kazini zamani. Mlango ukiwa wazi, kivuli chake kilitangulia kuingia, kirefu, kinafika mpaka kwenye kiti changu kabla yeye hajavuka kizingiti. Nilikuwa nakisogezea stuli kwa mzaha. Naye alikuwa akisema kivuli hakina haja ya stuli, mwenye haja ni mwenye magunia haya, njoo upokee.

Basi jua la saa kumi na moja na nusu likapiga nyumba yetu kwa ubavu. Kina kikapatikana! Kikapatikana mpaka kikapitiliza. Nguzo moja ikafunika madirisha mawili. Baraza likawa jeusi tititi. Mke wangu akauliza kama tumekatiwa umeme. Akasema kiti chake atakitafuta kwa tochi, na akikikuta kina popo asilaumiwe.

Sikukata tamaa. Jioni nikagundua kitufe cha kufifisha. Ukikisogeza, vya mbali vinapauka polepole kama vimeingia ukungu, na vya karibu vinabaki vimekoza. Ufundi wa hali ya juu. Nikakisogeza, nikatuma bila hata kukagua, maana bingwa hakagui.

Kumbe nilikisogeza kinyume. Nyumba yetu ikafifia kama risiti iliyofuliwa mfukoni. Nyuma yake likachomoza tangi la maji la jirani, limekoza, limeng'aa, hata bomba lake unaliona. Mke wangu amejibu kuwa tangi la jirani limetoka vizuri sana, nimfikishie hongera.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Lakini kejeli ya mbali inaua mume.

Alhamisi, 12 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo mtu mdogo angeliita wizi. Mimi naliita utafiti.

Milimita hutoka kula saa saba na hufunga kompyuta yake kwa namba ya siri. Mtu aitwaye Milimita ataweka namba gani? Nikaandika elfu moja, milimita za mita nzima. Ikafunguka! Ukimjua binadamu huhitaji chuo.

Nikafungua nyumba ya dada wa mke wangu. Nilikuwa nimejiandaa kuicheka.

Sikucheka. Mstari wa nyuma mwembamba kama unywele. Kivuli chini ya paa, chepesi, kinateremka ukutani kana kwamba kimechoka na safari. Baraza limeingia ndani, unaliona, unaweza kuweka kikombe chako hapo. Na dirishani, nyuma ya kioo, amesimama mwanamke. Amefifishwa, karibu hayupo. Ni picha tu ya kubandika, watu wa namna hiyo tunao wengi, huwekwa ili mtazamaji ajue dirisha lina ndani. Lakini nilikaa pale namtazama mpaka mkono ukafa ganzi. Nyumba ya karatasi, na ndani kuna mtu! Hii ya matofali ninayoishi, nikiingia jioni, kuna mama mkwe na redio.

Nikachukua vyote. Jua lake, mistari yake, ukungu wake. Nikamchukua na mwanamke. Nikamsimamisha kwenye dirisha la jiko letu, ametazama nje kidogo, nikamfifisha kwa staha. Nikajiambia: huyo ndiye yeye. Amesharudi, anaangalia kama naja.

Milimita akanikuta bado kwenye kiti chake. Nikamwambia nampangusia vumbi. Akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi. Nikampa nusu ya ndizi yangu. Akaipokea. Tuko sawa.

Nimetuma elevesheni saa kumi. Hajajibu. Bila shaka analia kwa furaha.

Ijumaa, 13 Machi

Alikuwa halii.

Amepiga asubuhi kabla ya zamu. Hakusalimia. Akauliza ni nani huyo mwanamke jikoni kwake. Nikacheka, nikamwambia si wewe, mama? Akauliza yeye ana kiuno hicho tangu lini. Na mkoba begani anakwenda wapi nao, anapika amevaa mkoba? Nikaanza kueleza habari ya kina. Akasema kina anakiona, kimesuka nywele!

Mama mkwe akasikia. Mwanamke huyu asubuhi huinuka kwa awamu tatu akiomba Mungu wake. Leo aliruka! Akashika ufagio, akakagua jiko, akakagua stoo, akainama kutazama uvungu wa kitanda. Nikapaza sauti kwamba yuko kwenye mchoro, mama, kwenye mchoro! Akajibu ndivyo wanavyosema wote.

Mara simu ikawa kimya. Nikadhani amekata. Kumbe amefungua mchoro wa nyumba ya dada yake. Akarudi akaniuliza, taratibu, mbona mwanamke yuleyule, gauni lilelile, mkoba uleule, yuko pia sebuleni kwa dada yake? Huyu mtu anazunguka ukoo mzima?

Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Mimi!

Ndipo akacheka. Si kicheko cha simu, kile cha adabu tu. Kicheko chenyewe, kinachoanza na mkoromo ambao huwa anaukana. Sijakisikia tangu uwanja wa ndege, na siku ile kilikuwa cha kuficha kitu kingine. Kule kwake nikasikia mtu anamuuliza kama yu mzima. Nami nikacheka, mama mkwe naye akacheka, ufagio mkononi, hajui anacheka nini. Kwa dakika hiyo nyumba ilijaa.

Kisha tukatulia wote. Akasema mchoro wenyewe ni mzuri. Baraza analiona. Ameona hata pa kuweka kiti. Akasema karatasi ya mkataba iko mbele yake mezani na kalamu ameishika. Akauliza kama nina jambo la kumwambia.

Ninalo! Nikamwambia jua sasa linatoka juu kushoto, nusu ya pembe ya mraba, na uzuri wa jua hilo ni kwamba upana wa kivuli ni sawa na kina cha kitu chenyewe. Akiweka rula juu ya kivuli cha baraza, atapata mita zake mbili kamili. Akangoja. Nikaona anavutiwa, nikamweleza vioo vya madirisha. Akauliza, ni hilo tu? Nikamwambia hapana, kuna na mifereji ya maji ya mvua. Nikamweleza mifereji.

Akasema haya, mume wangu. Mpe mama simu.

Ushindi! Mwanamke aliyecheka vile hawezi kusaini. Nimemnunulia Milimita soda, na sikumwambia ni ya nini.

Jumapili, 15 Machi

Amesaini.

Si miaka miwili, mwaka mmoja. Ujumbe ulifika jana nikiwa nanyoa, nusu ya kidevu bado iko vilevile. Ameandika kuwa alikaa na kalamu mkononi anangoja neno moja kutoka kwangu, na mimi nikampa mifereji.

Mama mkwe ameniomba nimsomee mara mbili. Kisha akaniita baba, jambo analolifanya msibani tu. Akasema: baba, rudi ni neno jepesi hata mtoto analibeba. Lilikushinda wapi?

Nikamjibu kwamba mtu mwenye macho haelezwi. Si nilimchorea? Si nilimsimamisha mwenyewe pale jikoni? Nani anamsimamisha mtu jikoni kwake kama hataki arudi? Akaenda kunichemshia maji ya kuoga bila kuombwa. Ndipo nikajua mambo ni mazito.

Mchana nimelala upande wa kitanda wa mke wangu. Ni kwa sababu upande wangu godoro limebonyea. Hakuna sababu nyingine. Macho yamewasha kidogo, dari hii ina vumbi sana.

Jioni nimeshika simu nikaandika: Rudi. Nikalitazama. Likaonekana dogo mno, kama mtu aliyesimama peke yake kwenye kiwanja kitupu. Mwanamume mzima, mchoraji wa kimataifa, nitume kitu kisicho na kivuli wala nguzo? Nikalifuta.

Na hapo akili ikafunguka! Kosa si langu wala la maneno. Kosa ni kwamba nimemwonyesha upande mmoja tu. Nyumba ina pande nne! Bado ubavu wa kulia wenye dirisha la chumba chetu, bado wa kushoto, bado mgongo. Mwaka mzima ninao. Akishaiona yote, mwenye nguvu za kushika kalamu tena ni nani?

Nikamwandikia papo hapo kumuuliza paa analitaka rangi gani.

Amejibu upesi, hata sijaweka simu chini. Ameandika: Yoyote.

Mnaona? Ameshaanza kulainika.