Kadi ya Feni Mbili na Maji ya Baraka

Leo nimejiaibisha mbele ya jumuiya nzima. Aibu bado mbichi, hata shati sijabadilisha, lina matone ya maji ya baraka begani. Nawaandikia ninyi wa kundi hili kwa sababu mlinionya, na asiyesikia la mkuu mnajua huvunjika nini. Wale mnaoniita Injinia, futeni hilo jina leo hii.

Nianze mwanzo.

Steshenari yangu hapa Murusagamba mnaijua: picha za pasipoti, kuchapa barua, kuchaji simu. Kompyuta niliinunua mnadani, shirika moja la misaada lilipofunga ofisi na kuuza vyombo. Ni lile boksi bapa la ofisini, linalolala kifudifudi na kubebeshwa skrini mgongoni. Kwa barua za mtendaji ni mashine safi. Kwa gemu ni bure kabisa.

Wiki tatu zilizopita aliingia Deo kuchaji simu. Deo ni Mrundi wa upande wa Muyinga. Amevuka mpaka na mama yake tu, wakawekwa pale kituo cha mapokezi kusubiri mabasi ya kwenda kambini, Kibondo. Shingoni alivaa rozari, na kwenye rozari amefunga flashi. Ndani ya flashi kuna rugo lao. Yaani nyumbani kwao.

Deo alikuwa mchezaji wa gemu moja la kujenga majengo. Kwa miaka miwili, kila jioni akitoka kazini, alilijenga humo rugo la kwao: nyumba, jiko, zizi, migomba mstari kwa mstari, na mparachichi nyuma ya nyumba. Chini ya mparachichi ule amelazwa baba yake. Nyumba yenyewe imechomwa moto. Jirani aliwapigia simu akawaambia.

"Mama ameanza kuchanganya mambo," Deo aliniambia. "Juzi kaniuliza kama kaburi la baba liko upande wa jiko au upande wa zizi. Mama yangu, kaka! Yeye ndiye aliyekuwa anafagia pale. Nataka aone mara moja tu, kabla hatujapanda basi. Kambini kompyuta nitaipata wapi?"

Tukajaribu kwangu. Skrini nyeusi. Tukajaribu tena. Nyeusi. Deo akasema mashine inahitaji kadi ya picha, kile kifaa kinachochora vitu kwenye skrini. Nikatunisha kifua: "Nitanunua." (Nisiwadanganye. Na mimi nilikuwa na hamu zangu. Nilitaka mpira wa kwenye kompyuta ambao nyasi zinaonekana.)

Duka la Mwanza likanitumia picha mbili. Kadi ya kwanza ni fupi, nyembamba, ina kifeni kimoja kama kifuniko cha soda. Ya pili ni ndefu, pana, feni mbili, na mstari mwekundu ubavuni. Bei zilikaribiana. Nikazileta humu kundini, mkanijibu: pima boksi kwanza. Deo naye alichukua rula ya dukani kwangu, akapima, akasema, "Kaka Jovin, chukua ile fupi. Hii nyingine haitaingia."

Sasa, mimi ni mtoto wa shamba la migomba. Baba alinifundisha kuchagua mkungu kwa mkono: unaunyanyua, ukikuelemea, huo ndio una chakula. Mdogo unawaachia wenye haraka. Basi nikamwambia Deo, "Kitu chenye nguvu hujionyesha chenyewe." Nikaagiza ya feni mbili.

Deo akairudisha rula mahali pake. Angefanyaje? Mgeni habishani na mwenyeji juu ya chombo cha mwenyeji.

Jana jioni kituoni wakatangaza: mabasi ni leo, saa tisa alasiri. Na kadi ikafika leo saa nne asubuhi, kwa basi la Mwanza. Nikasema Mungu ni mkubwa. Deo akaja mbio, tukafungua kifuniko cha kompyuta, nikaishika kadi kwa mikono miwili, nikaishusha.

Haikuingia.

Nikaigeuza. Haikuingia. Nikaiinamisha kidogo kama mtu anayepitisha kitanda mlangoni. Jamani, ilikuwa imelizidi boksi kwa urefu wa vidole vinne! Deo alikuwa ameinama karibu yangu. Hakusema "nilikwambia." Laiti angesema, ningepata pa kukasirikia.

Akachukua bisibisi, akaondoa kile kibati cha nyuma ya kadi, akaichomeka taratibu. Ikakaa. Lakini ilichomoza juu ya boksi, uchi, mchana kweupe.

"Itafanya kazi," akasema. "Lakini kifuniko kisahau. Iache wazi."

Tukahamishia skrini pembeni, nikavuta kamba ya jenereta. Ikawaka! Rangi zikatoka ambazo mashine ile haijawahi kuziota. Nikapiga kelele, Deo akanikumbatia. Ilikuwa saa sita na nusu. Nikampigia mama yangu simu, nikamwambia ampitie Mama Deo pale kituoni amlete, mashine iko tayari, nimeifunga vizuri kabisa. (Nimeifunga vizuri kabisa. Ndivyo nilivyosema. Andikeni hayo maneno kwenye kaburi langu.)

Halafu nikaitazama ile mashine. Ilivyokaa, hata mtoto wa chekechea angejua kuna mtu amekosea. Nikaona haya. Nikachukua kitambaa cheupe cha kufuma, kile chenye maua pembezoni, nikaifunika. Si mnajua kwetu kila chombo cha maana huvishwa kitambaa: redio, kabati, hata dumu la maji. Nani angeshangaa?

"Itapata joto," Deo akasema.

"Ni kwa muda mfupi tu."

Mama akafika. Hakuja na Mama Deo peke yake. Alikuja na jumuiya: akina mama tisa, wazee wawili, na mbele yao katekista wetu, Mzee Felisiani, amebeba bakuli la maji ya baraka na tawi la majani. Nilisahau mimi ni mtoto wa nani. Kwa mama yangu kitu kipya hakitumiki kabla ya kubarikiwa. Pikipiki ilibarikiwa. Jenereta ilibarikiwa. Kitanda changu kilibarikiwa, na hadi leo sijaoa, lakini hayo tuyaache.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina."

Nikamwamkia Mama Deo, "Shikamoo, mama." Akaitikia kwa sauti ndogo, "Marahaba, mwanangu." Ni mama mwembamba, kitenge kimoja kila siku, na mikono yake huwa haijui ikae wapi kwa sababu haina jembe. Nikampa kiti cha mbele. Mama yangu tayari alikuwa anawaambia wenzake, "Huyu alisoma. Kompyuta nzima ameitengeneza mwenyewe."

Deo akaninong'oneza, "Kaka, mwambie katekista mashine iko wazi."

"Nitamwambia."

Ningemwambia nini? Kwamba chini ya kitambaa kuna kadi isiyoingia, niliyoichagua kwa ubishi, baada ya kuonywa na watu wa kundi zima na mkimbizi mwenye rula? Mbele ya jumuiya? Nikajisemea, atanyunyizia hewani tu kama kawaida, tutaitikia amina, yataisha.

Mzee Felisiani akaanza sala. Sala zake ni ndefu, anawakumbuka marehemu wote wa kigango kwa majina. Deo akaona muda unakwenda, akafungua faili. Skrini ikafikiria. Ikafikiria tena. Kisha rugo likatokea.

Naomba hapa msicheke kwanza. Mama Deo aliinuka kitini. Ukuta wa miti ulionekana, njia ya udongo mwekundu, migomba imepangwa, nyumba yenye mabati mapya. "Mana yanje," akasema. Mungu wangu. Akanyoosha kidole bila kugusa kioo. "Jiko. Lile jiko langu. Na ile ni migomba ya ndizi za pombe, ile ya kupika iko chini." Deo alikuwa anaizungusha picha polepole, machozi yanamtoka na hayafuti. Tukafika kwenye mlango wa nyumba. Mama Deo akasema, "Zunguka nyuma, mwanangu. Nipeleke nyuma."

Nyuma ndiko kwenye mparachichi.

"...na Bwana abariki kazi ya mikono ya Jovin," Mzee Felisiani akamalizia, akachovya tawi. Tone la kwanza likatua kwenye skrini. Salama. La pili likanipata mimi, hapa begani. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo! Lakini mama yangu akasema, "Katekista, usisahau na yenyewe mashine, hapo kwenye kitambaa," na mzee wa watu, kwa upendo, akachovya tawi hadi mkononi.

PAA!

Moshi kidogo. Harufu ya waya. Skrini nyeusi. Nje jenereta ikaendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea.

Kisha mama yangu akapiga kigelegele. "Ametoka! Shetani ametoka!" Na jumuiya ikapiga makofi.

Walipiga makofi, ndugu zangu. Wakaanza na wimbo wa kushukuru. Nikawaacha waimbe ubeti mmoja, maana ndio ubeti wa mwisho niliobakiwa na heshima. Kisha nikavuta kitambaa. Wote wakaiona kadi imechomoza, imelowa, na tundu jeusi chini yake.

Mzee Felisiani akaliweka bakuli chini. "Jovin. Kumbe ilikuwa haina kifuniko?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ulinitazama ninachovya maji?"

Nikaeleza yote, rula, mkungu, feni mbili. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kucheka. Mama yangu alianza kukikunja kile kitambaa, akakikunja kidogo, akakikunja tena, hadi kikabaki kama leso.

Nikapiga magoti mbele ya Mama Deo kuomba radhi. Hakunitazama. Bado alikuwa anatazama kioo cheusi.

"Deo," akasema. "Mlango umeuweka kushoto."

"Uko kushoto, mama."

"Uko kulia. Mimi ndiye niliyekuwa naufungua."

"Mama, kushoto!"

Wakabishana. Kirundi chao na Kihangaza chetu vinasikilizana, kwa hiyo sote tulifuata. Walibishana njia nzima hadi kituoni, mimi nyuma yao nimebeba godoro lao. Deo aliniambia ni mara ya kwanza tangu wavuke mpaka mama yake kubishana na mtu. Nilijaribu kufarijika kwa hilo. Sikuweza. Nilikuwa nawaza nyuma ya nyumba.

Saa tisa mabasi yakawaka. Deo akafungua rozari, akaitoa flashi, akaniwekea kiganjani. "Huko itapotea. Ukipata kadi fupi, zunguka nyuma, piga picha kwa simu, nitumie."

Mama Deo akainamia dirishani. "Na mlango, mwanangu, uhamishe kulia."

Nimetoka kuichomeka flashi kwenye laptop ya mwalimu mmoja. Faili lipo, zima. Laptop haiwezi kulifungua, haina kadi; boksi langu limepona, kadi tu ndiyo iliyoungua.

Basi chekeni, ruhusa mnayo, nimeistahili. Lakini mkimaliza, anayejua duka lenye kadi fupi aniandikie leo. Boksi nimelipima mara tatu, kwa rula ya Deo.