Kipara cha Pamba

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu kwa kunipa akili nyingi kuliko kichwa cha kuziweka. Leo nimebuni mafuta ya kuotesha nywele! Nazi, karafuu na siri yangu. Fundi, bosi wangu pale kinyozini, kayanusa, kapiga chafya, kasema mteja wake hapakwi uchafu usiojaribiwa. Lakini akiona kipara kimeota kwa macho yake, nitapewa kiti changu ninyoe. Kufagia nywele za watu basi!

Kipara nitoe wapi? Nafika nyumbani, huyo hapo: Pamba, sungura wa Shangazi, manyoya kama godoro jipya. Shangazi mwenyewe, mwenye nyumba, yuko hospitali kwa homa tangu mwaka uanze. Nikawasha mashine. Mgongo mzima, zii! Asante Pamba, teke moja tu.

Jumamosi, 8 Machi
Napaka asubuhi, napaka jioni. Mgongo unang'aa kama sahani. Dada, binti wa Shangazi, anafanya kazi kliniki ya wanyama, na leo kaona. Makelele! Eti mama akipiga simu hatuulizii sisi, anamuulizia Pamba. Eti tangu mumewe afariki, sungura ndiye anayemliwaza. Eti anakaribia kuruhusiwa, na akimkuta hivi, mimi na kigodoro changu tutaonana na barabara. Nikamwambia aniachie mimi, nywele ndiyo fani yangu. Kacheka kwa pua. Nimemshukuru kwa taarifa.

Jumatano, 12 Machi
Dada kanipa somo ambalo sikuliomba. Unywele una shina, na shina linalishwa na vijishipa vya damu. Nywele zikiwa kazini, vijishipa vinatanuka. Zikienda likizo, navyo vinanywea. Sungura, paka, mbuzi, hata mimi: zamu kwa zamu. Ukinyoa palipo likizo, subiri zamu irudi, umlishe mnyama vizuri, ufunge domo lako.

Nimeelewa sana. Damu imechelewa, basi iitwe! Na damu inaitwa na nini? Pilipili! Dada kaninyang'anya kichupa kabla hakijamfikia Pamba, kasema kama mimi mwanamume kweli nijipake mwenyewe. Nikajipaka juu ya mdomo, ninapoyadai masharubu siku nyingi. Damu ikaitika! Ikaja yote, na jamaa zake. Fundi kauliza nimegombana na nyuki wangapi. Nashukuru macho yamepona.

Jumapili, 23 Machi
Zimeota! Ila, Mungu wangu, kwa visiwa. Hapa kichaka, pale uwanja wa mpira. Dada kasema ndizo zamu alizonieleza, kila sehemu ya ngozi na wakati wake. Na Shangazi anakuja kesho! Nimemkatia Pamba fulana kutoka kwenye soksi, imfunike mgongo. Kaila. Nashukuru soksi ilikuwa ya Dada.

Jumatatu, 24 Machi
Shangazi kaja. Kakonda, kitambaa kakikaza mpaka kwenye nyusi. Hata maji hakunywa, anauliza tu mwanawe yuko wapi. Nikamleta Pamba huku nimefumba macho. Moyoni nishaanza kukunja godoro.

Nafumbua, namwona anavua kitambaa. Jamani! Homa imemnyonyoa kichwa, mabaka matupu na vishungi viwili vitatu. Kasema njia nzima alikuwa anaogopa tutakavyomtazama. Akamkumbatia Pamba, akamwita mwenzangu wewe, akacheka mpaka akakaa chini. Dada akawa analia, akimwambia mizizi iko hai, mama, damu inafika, zamu yake itarudi. Mimi nilikwenda kufunga dirisha. Lilikuwa limefungwa.

Kisha akauliza nani kamnyoa. Nikasema mimi, kwa nia njema. Kanivuta sikio hadi likapiga filimbi, halafu kanibusu hapohapo kwenye sikio, kaniambia nikale. Nalala kwangu! Asante Mungu, asante Shangazi, asante Pamba. Hata Dada, basi, asante.

Kaniapisha nisimguse tena Pamba na mashine. Nimeapa, mkono juu. Fundi naye kaangalia picha ya Pamba niliyomtumia kwa simu, kasema sungura mmoja si ushahidi.

Mbwa wa jirani hakutajwa kwenye kiapo. Na manyoya anayo, mashallah, ya kutosha mitaa miwili.