Teodora na Hotpoti ya Vijidudu

Jamani wana wa Ziwa, acheni kwanza kupara sato, zimeni redio, mje msikie vita vilivyopiganwa Nyamagana, Mwanza, miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipochipuka ufukweni kama uyoga, na umeme ukawa mgeni wa kuja na kuondoka bila hodi! Na atakayenikatiza, shauri yake.

Teodora binti Masalu, mfugaji wa visivyoonekana, ngome ya maabara, alikuwa akilea vijidudu vya kuharisha vilivyotoka kwenye samaki, majeshi mawili katika visahani viwili. Jeshi la kwanza lilikuwa na kimeng'enya chake, ngao ya kuhimili tindikali ya tumbo. La pili lilivuliwa ngao hiyo. Yote mawili yalikwisha kuogeshwa tindikali, sasa yalihitaji joto yapate kuota. Na Dokta Maige, mkuu wa maabara, alishatamka: jaribio likiharibika tena, utafiti unahamia Dar, na Teodora anarudi kuosha chupa.

Saa sita mchana, umeme huo, ukakatika! Kabati la joto likaanza kupoa. Shujaa akaitwaa hotpoti aliyozawadiwa harusini, akapanga ndani chupa za maji ya vuguvugu, akavifunga visahani kwa plastiki, akafunika, akaiweka mezani.

Lo, kosa gani hilo! Nani Mwanza huweka hotpoti mezani saa saba asikaribishe watu? Chenge mlinzi, simba wa matonge, asiyewahi kushindwa na sinia, akaingia na ugali wake, mikono keshanawa.

"Ewe binti Masalu," akanguruma, "kwetu chakula hakifichwi! Funua tumkabili sato huyo kiume!"

"Rudi nyuma, kaka Chenge! Humu mna jeshi la kuharisha! Ukifunua, joto linatoka, na mimi kazi sina!"

"Uchoyo huo, dada. Mbona harufu naisikia?"

Mkono ukashuka. Teodora akaruka, akaikalia hotpoti kama kuku aatamiaye, wala hakubanduka mpaka umeme uliporudi jioni. Chenge alikula ugali mkavu mbele yake, akinung'unika kila tonge.

Kesho yake Dokta Maige akafunua visahani. Kisahani cha wenye kimeng'enya kilijaa madoa ya vijidudu walioota hadi ukingoni; cha wasio nacho, madoa mawili matatu, tena yamedumaa.

"Basi nguvu yao ni kimeng'enya hicho," akasema. "Ukiwanyang'anya, tumboni hawafiki mbali. Utafiti unabaki hapa hapa, nawe unabaki nao."

Teodora akapiga vigelegele mpaka barabarani. Chenge akachungulia madoa yale, akaenda kunawa mikono upya.

Hiyo ndiyo historia, wafundisheni watoto! Tangu siku ile, Teodora akisema "karibuni chakula", jengo zima, toka mkuu hadi mlinzi, hujibu kwa sauti moja: "Tumeshiba, dada!"