Amplifaya ya Chui wa Bondeni

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza imeanza. Nimepanda ngazi mara tatu kwenda kwenye antena. Mara ya kwanza nilisahau spana. Ya pili nilisahau kilichonipandisha. Ya tatu nikaona kila kitu kiko sawa, nikashuka, nikawasha redio ya upepo, ile ya kuongea na kujibiwa, nikajitangaza kwa jina langu la hewani: hapa Chui wa Bondeni, nani ananisikia. Kimya. Kisha jirani yangu Dorsey Yonts, anayekaa kileleni na antena ndefu kuliko mnara wa kanisa, akauliza hewani kama kuna mwingine aliyemsikia Chura wa Bondeni akilia. Madereva wawili wa malori wakacheka. Nikasema nimesema Chui. Dorsey akajibu, haya Chura, tumekusikia.

Niliandike jambo lenyewe, maana humu hamna wa kumficha. Binti yangu Nadine anaendesha trela. Kila Alhamisi saa sita mchana anapita barabara kuu nyuma ya mlima, maili kumi na nane kutoka hapa, akipeleka samani Ohio. Zamani alikuwa anakata kona kuja kula. Mwezi wa tatu nilimwambia mezani, mbele ya mama yake, kwamba usukani wa trela si kazi ya mwanamke aliyelelewa vizuri. Akaweka uma chini, akamuaga mama yake, akaondoka. Hajakanyaga hapa tena.

Kumpigia simu siwezi. Ukipiga simu, inaonekana umemtafuta mtu. Redioni watu hukutana tu, kama mnadani. Hiyo ndiyo mbinu.

Kinachoniuma ni kwamba Dorsey anaongea naye kila wiki, halafu anateremka kunipa habari zake bila kuulizwa.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimeazima mita kwa Hobart wa duka la matairi. Ukiiunga kati ya redio na antena, inakuonyesha ni kiasi gani cha nguvu uliyoituma kinakurudia badala ya kwenda hewani. Mshale ulikimbilia kwenye nyekundu, ukalala hukohuko.

Nikampigia Hobart. Akasema waya umeingia maji, huenda pale kichwa chake kinapoungana na antena. Niukate, nifunge kichwa kipya, nizibe vizuri. Akaongeza kwamba nisije nikaongeza nguvu kabla sijaziba panapovuja. Nikamshukuru.

Nimewaza sana. Waya una futi themanini. Magoti yangu yana miaka sitini na miwili, arobaini kati ya hiyo ndani ya mgodi wa makaa. Ikiwa nusu ya nguvu inarudi, si nitume mara mbili? Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Oleta, mke wangu, ameuliza kwa nini nisimpigie tu mtoto simu. Nikamwambia hapa hakuna anayemtafuta mtu. Akasema sawa, basi huyo asiyetafutwa alipiga jana, hajambo.

Alhamisi, 4 Oktoba

Saa sita kasoro nilikuwa kwenye kiti. Nilimwita Nadine mpaka koo likakauka. Sikupata kitu ila mkwaruzo, na upande mmoja tu wa mazungumzo, wa Dorsey, maana yeye hata ukitaka usimsikie utamsikia.

“Ndiyo, binti,” anasema. “Babako yupo. Nadhani yeye ndiye anayekwaruza hapo. Hapana, haumwi, sauti yake ndiyo ilivyo siku hizi. Haya, nenda salama, angalia kona ya daraja.”

Mimi ndiye niliyemfundisha hiyo kona ya daraja.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimepata amplifaya, mashine ya kuongeza nguvu ya redio. Mnadani, kwa bwana mmoja mwenye kofia ya ngozi, ambaye hakutaja jina na mimi sikumuuliza, kwa kuwa sheria haizipendi mashine hizi. Nimempa msumeno wangu wa mashine, naye akanipa hicho kisanduku kimefungwa blanketi la mtoto mchanga. Kina taa mbili za kioo ndani na uzito wa ndama. Akasema kwa kitu hiki nitaongea na Meksiko. Nikamwambia mimi nataka kuvuka mlima mmoja tu. Akanitazama kwa huruma.

Oleta aliuliza kuna nini kwenye blanketi. Nikasema ni mashine ya kupashia miguu joto. Si uongo kamili. Nimeiwasha dakika kumi, chumba kizima kimepata joto, na mshale wa mita umegonga mwisho ukabaki unatetemeka. Nimeichomoa mita. Inanitia wasiwasi.

Jumapili, 7 Oktoba

Siku mbaya.

Nilisema tumbo linaniuma, Oleta akaenda kanisani peke yake. Alipokata kona tu nikawasha mitambo. Nikahesabu moja mpaka kumi. Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kuhesabu asubuhi nzima, nikaongea. Nikasema hapa Chui wa Bondeni, ninajaribu mashine mpya, mke wangu anadhani naumwa tumbo, kumbe nimekula soseji nne alizokuwa amezificha. Nikasema pia kwamba mahubiri ya Mchungaji Claypool ni kama treni ya makaa: unayahesabu mabehewa mpaka unasinzia.

Kanisa liko robo maili kutoka hapa. Wamefunga vipaza sauti vipya. Kumbe vipaza sauti hivyo, redio ikiwa na nguvu za kutosha, vinaichukua sauti na kuitoa kama yao. Mchungaji alikuwa amefumba macho, ametaka dakika ya ukimya, kila mtu amsikilize Mungu moyoni mwake. Ndipo nilipoanza kuhesabu.

Oleta amerudi, ameweka Biblia mezani, akavua glovu kidole kimoja kimoja. “Soseji zilikuwa tano, Verlin,” akasema. “Ungama zote.”

Jumanne, 9 Oktoba

Mchungaji amekuja. Hakugomba, jambo ambalo ni baya zaidi. Amesema bibi kizee mmoja alisimama kwenye benchi la nyuma akilia kwamba ameitwa, na sasa hataki kuambiwa kwamba ni mimi. Akaniomba nisiiwashe mashine siku za ibada. Alipofika mlangoni akageuka kuuliza mabehewa huwa mangapi. Nikasema nilikuwa natania. Akasema hata yeye.

Jioni Dorsey naye ameteremka na mkoba wa vifaa na waya mpya mabegani. Alitaka aupande mlingoti wangu yeye mwenyewe, abadilishe waya wote. Mtu wa miaka sitini na sita. Nikamwambia antena yangu ni nzima, aende akalale. Akasimama kidogo uani, akitazama juu. “Verlin, jirani yangu,” akasema, “ukipiga kelele kwenye ndoo iliyotoboka, kelele itatoka, lakini maji hayatakaa.” Sikumwelewa, na sikutaka aone hivyo. Nikafunga mlango.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa sita kamili niliwasha amplifaya. Taa za kioo zikawa rangi ya samawati, nzuri kuangalia. Nikaita: Nadine, hapa baba yako, unanisikia? Nikaachia kitufe. Mkwaruzo mtupu. Nikaita tena. Mkwaruzo. Nikaona nisipoteze muda, huenda ananisikia na ana aibu ya kujibu. Nikabonyeza kitufe nikaongea.

Nilikuwa nimejiandaa kusema hali ya hewa. Badala yake nikasema nilikosea. Nikasema mjomba wake alikufa barabarani akiendesha trela, na kila trela linalopita naliona lile lake, na kwamba hilo si kosa la yeye kuwa mwanamke, ila sikujua namna nyingine ya kusema naogopa. Nikasema kiti chake mezani hakikaliwi na mtu. Nikaachia. Mkwaruzo. Nikaongea tena. Sijui dakika ngapi. Halafu harufu ya mpira unaoungua, taa zikageuka nyekundu, kukasikika mlio kama chupa inayopasuka, na moshi.

Nikakaa kwenye moshi huo. Nikajiambia, basi, nimeongea na mlima.

Robo saa haikuisha, Dorsey akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa ameteremka mbio, kofia mkononi.

“Kwa nini hukumjibu mtoto?” akaniuliza.

Nikasema mtoto yupi, hajasema neno.

“Amekujibu mara nne, Verlin. Mara nne. Kila ukiachia kitufe anakuita, Baba, Baba, nimekusikia. Amelipaki trela kwenye mizani kwa sababu machozi yalikuwa hayamwachi aone barabara. Wewe unasikika mpaka jimbo la pili, lakini sikio lako limejaa maji.” Akavuta pumzi. “Anasema atakuja Jumapili kula, kama na yeye ataachiwa nafasi ya kusema.”

Oleta alikuwa amesimama mlangoni. Akaenda jikoni, na nikasikia bomba la maji likiachwa wazi muda mrefu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Dorsey amebadilisha waya. Kichwa cha zamani kilipokatwa kilimwaga maji ya kijani kama chai ya mgonjwa. Mita sasa imelala upande wa salama. Hapakuhitajika amplifaya yoyote, akasema. Nikakubali. Kwa redio tupu nimeongea na dereva aliye maili ishirini na tano, akaniita Chui. Dorsey akasema amekosea kunisikia.

Jumapili, 14 Oktoba

Nadine amekuja. Ameegesha trela barabarani, limeziba nusu ya bonde. Alinikumbatia mlangoni, akinuka dizeli na sabuni. Oleta alipika maharage, mkate wa mahindi, na nyama ya nguruwe. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Niliongea mezani kuanzia mkate mpaka kahawa. Nilimweleza kuhusu mawimbi, taa za kioo, mita, kila kitu. Alikuwa ananitazama na kutabasamu.

Jumatatu, 15 Oktoba

Asubuhi Oleta ameuliza nimeonaje habari ya Nadine. Nikauliza habari gani. Akasema ile ya njia mpya: kuanzia mwezi ujao anapita barabara ya magharibi, maili sabini kutoka hapa. Nikasema hakuitaja.

Oleta akaweka chini sufuria. Akasema aliitaja mara mbili, akinitazama usoni, na mara ya tatu akaacha.

Nimekaa na jambo hilo asubuhi nzima. Linaniumiza, siwezi kusema uongo. Maili sabini si mchezo. Mchana nimempata yule bwana wa kofia ya ngozi kwa simu ya mnadani. Anayo nyingine, yenye taa nne. Anataka mashine yangu ya kukatia majani. Nimemwambia Oleta naipeleka ikanolewe.