Buti Namba Arobaini na Nne

Jumatatu, 10 Juni 2024

Leo nimeamua. Ile nafasi ni yangu!

Mabula amepita hapa Ilembo asubuhi. Ndiye msimamizi wa wafuata nyayo za wanyama katika kampuni moja ya uwindaji wa vibali. Msimu unafunguliwa Julai, na kambi iko juu milimani, mawe matupu na vijito vya baridi. Anataka mtu mmoja tu. Tumejitokeza wawili: mimi, na jirani yangu Egide, ambaye ni mpole mpaka anaudhi. Mtihani ni Jumamosi kule Kabungu. Unabeba kilo ishirini, unavuka kijito, unapanda mlima. Kila mtu na buti zake. Mabula amesema atazikagua buti zaidi kuliko atakavyotukagua sisi, kwa sababu mwaka jana mtu alibebwa siku mbili mlimani, kisa kiatu.

Nikikosa, najua ninakokwenda. Mwamkulu, kuvuna mpunga kwa baba mkwe, Mzee Pacifique. Mzee anayeniuliza mbele za watu kama siku hizi nafanya kazi gani. Nilikaa kwake msimu mmoja. Sirudi, hata iweje.

Jumanne, 11 Juni

Mitumbani. Pudensiana, muuza viatu, amenitolea buti, jamani! Ngozi ya kahawia, shingo ndefu inafunika kifundo, soli ina meno ya trekta. Hazijawahi kuvaliwa. Amesema zimekaa stoo miaka kumi na miwili. Miaka kumi na miwili bila kuharibika! Hapo hapo nikajua hizi ndizo imara. Ni namba 44. Mimi navaa 41. Pudensiana akasema mlimani mguu unavimba. Ana akili sana yule mama.

Egide alikuja jioni, mimi bado nazurura pale. Kavaa kwanza soksi nzito. Kajaribu pea baada ya pea, kutembea, kuchuchumaa, kugongesha ncha chini asikie kama vidole vinagusa. Saa nzima! Mwisho kachukua pea iliyochubuka mbele, soli imeshonwa kwa uzi kuzunguka. Nimempa pole. Akanishukuru. Mtu gani huyu, hata kusimangwa hajui?

Jumatano, 12 Juni

Nimepita kwa Obadia, fundi viatu, nimwoneshe tu. Akabonyeza soli kwa dole gumba, akasema gundi imekauka kwa kukaa, nimwachie azishone. Nikamuuliza kama amewahi kumwona mtu anatoboa sufuria jipya. Nikaondoka nazo. Mafundi ndivyo walivyo, wanatafuta kazi hata pasipo na kazi.

Mke wangu, Mama Wema, naye kaingilia. Eti nizivae shambani siku mbili tatu zizoee mguu. Nimekataa. Buti za mtihani hazichoshwi kabla ya mtihani. Ile nafasi ya ziada ndani nimeijaza sponji la godoro. Nimekata kona moja tu ya godoro letu, upande anaolala yeye. Hajagundua.

Ijumaa, 14 Juni

Maji! Kijito kile kimeninyima usingizi siku mbili, lakini leo nimekipatia dawa. Nta ya nyuki. Ngozi ikipakwa nta haipitishi maji, hilo hapa kwetu linajulikana. Nimekwenda kwa Nyanda, mwenye mizinga, akanipa masega. Akanisisitiza niyachemshe, nichuje, asali yote itoke, nipake nta peke yake.

Kuchemsha, kuchuja, kusubiri igande! Mtihani ni kesho. Nimepaka hivyo hivyo, na asali yake. Mafuta ni mafuta. Zinang'aa! Sisimizi walianza kuja, nikawapangusa. Hata wadudu wanajua kitu kizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Mabula alizikunja buti za Egide, akatikisa kichwa kukubali. Zangu alizigusa, kisha akanusa vidole vyake. Nikajua nimepita.

Kijitoni ngozi haikupitisha hata tone. Maji yaliingilia juu, kwenye shingo, maana ilikuwa wazi kama ndoo. Sponji likayanywa yote. Kila hatua, chwaa, chwaa. Egide akaniacha mbali. Sikukata tamaa, nikapandisha.

Katikati ya mlima kuna mizinga mitini. Nyuki wa kwanza alitua kwenye buti, nikamfukuza kistaarabu. Wa tano nikampiga kofi. Hapo ndipo nilipoharibu. Walitoka ukoo mzima! Nilikimbia na kilo ishirini mgongoni, na kwa woga sikukumbuka hata kushuka, nikapanda. Nikampita Egide. Soli ya kulia ikabaki kwenye jiwe. Ya kushoto ikaifuata hatua kumi mbele. Nikafika kileleni wa kwanza, juu ngozi, chini soksi! Nikamkumbatia Mabula nikiomba msaada. Wakampata na yeye. Sikio na shavu.

Egide alifika taratibu, akawasha majani mabichi, akatufukizia moshi mpaka wakaondoka. Miguu yake mikavu. Mabula akamwambia ajiandae. Mimi akaniambia nikaoge.

Nimelia njiani. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Kazi ile niliitaka kwelikweli.

Jumatano, 19 Juni

Mwamkulu. Mpunga. Mgongo. Mzee Pacifique ameniuliza mbele ya vibarua wote kama ni kweli nilifukuzwa na wadudu. Vibarua wameshindwa kufanya kazi kwa kucheka. Mama Wema pia, na yeye ni mke wangu!

Halafu, saa kumi, bodaboda. Egide! Na kifurushi. Amesema mfuata nyayo mmoja amepata kazi kwingine na nafasi ni yangu nikiitaka. Mabula kamwambia hajawahi kuona mtu anapanda mlima ule kwa kasi ile, na mzigo hakuuangusha. Na kwa kuwa hataki tena kuona chaguo langu, amenitumia buti za stoo ya kambi. Namba 41, imara, zimeshonwa. Kamwagiza Egide anikaririshe neno moja: nisizifanyie kitu chochote, nivae tu. Gari linanichukua kesho saa saba mchana.

Nimemkumbatia Egide mbele ya mkwe. Machozi yalinilenga. Mzee Pacifique hakuuliza kitu.

Alhamisi, 20 Juni

Saa nne asubuhi. Nguo zimefungwa. Nimezivaa buti, nimetembea mpaka kisimani na kurudi. Hazina mfano! Ila dole gumba la kulia linabanwa. Kidogo sana. Mtu mwingine angevumilia.

Mimi ngozi naijua. Ngozi ikipata joto inalainika. Nimeziweka zote mbili juu ya jiko la mkaa, moto wa wastani tu, nikazifunika na sufuria joto lisipotee. Saa saba bado mbali. Mama Wema amepiga kelele kutoka uani, anauliza nini kinaungua. Nimemjibu hakuna kinachoungua, ni buti zinalainika. Namaliza ukurasa huu kisha naenda kuzigeuza.