Sarafu ya Kopo la Vifungo

Mtu akikiponda kitu chako, halafu hataki kuondoka bila hicho hicho kitu, msindikize mpaka nje na ufunge mlango. Watoto wanasema nina wasiwasi mwingi. Sawa, ninao. Lakini wasikilize kwanza habari za Suti Moja.

Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa nayo moja, ya kijivu, na ndiyo iliyomlisha. Akiivaa alikuwa wakili, au mkaguzi wa mizani, au mjumbe wa wafadhili, inategemea umemkuta mtaa gani. Ndani yake alivaa shati lenye kola na kifua tu. Mgongo wa shati ulishaoza ukaanguka zamani, na mgongo wa tapeli nani anauangalia?

Siku hiyo kifungo cha koti kilidondoka. Suti Moja akaingia kwa Mama Dobi, mjane anayefua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba chenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mama Dobi akamwaga kopo lake la vifungo mezani atafute kinachofanana. Katikati ya vifungo ikabingirika sarafu.

Suti Moja akashika meza asianguke.

Ilikuwa sarafu kongwe ya fedha, ya zile zilizopigwa chache kwa ajili ya kutazamwa tu, uso wake kama kioo, haijawahi kununua hata kiberiti. Na kwa kukaa gizani miaka na miaka ilikuwa imejivika rangi: pembeni buluu, ikaingia zambarau, katikati dhahabu, kama povu la sabuni likipigwa na jua. Suti Moja alimjua daktari wa meno anayekusanya sarafu za namna hiyo. Aliwahi kumsikia akisema rangi kama hizo zikija zenyewe, sarafu moja inaweza kukununulia pikipiki. Rangi ndiyo bei.

Mtu mwema angesema, "Mama, hapa una mali." Suti Moja akaziba pua.

"Mama, hiki kitu unalala nacho humu ndani?"

"Sarafu ya marehemu baba mkwe hiyo. Alifagia kiwanda cha kupigia sarafu mpaka akastaafu, wakampa. Kwani ina nini?"

"Imeoza."

"Fedha nayo inaoza?"

"Huoni ilivyobadilika rangi? Nyama ikiwa hivi utaila?"

Mama Dobi akaisogeza kwa ncha ya kidole. "Siili."

"Basi. Sisi ofisini tunazikusanya hizi, tunakwenda kuzizika mbali na watu."

"Ofisi gani hiyo, baba?"

"Ya... uozo wa madini."

Mama Dobi hakuwa na elimu ya uozo wa madini, ila alikuwa na pasi iliyokufa juzi, na nguo za wateja zimerundikana mpaka kitandani. Akasema, "Cha marehemu hakitoki bure. Niletee pasi mpya, uchukue uozo wako. Nipe nikupe."

"Pasi mpya? Kwa uchafu huu?"

"Basi niachie, nitauzika mwenyewe."

"Hapana, hapana, mama. Kuzika kuna utaalamu wake."

Mfukoni alikuwa na kitana tu. Akaenda duka la vifaa vya umeme, kwa mwenye duka ambaye mwaka uliopita yeye Suti Moja alimuuzia balbu zisizohitaji umeme.

"Nikopeshe pasi, kaka. Jioni nakulipa mara mbili."

"Weka rehani."

"Neno langu."

"Neno lako ninalo tangu mwaka jana, liko stoo linakula vumbi. Vua suti."

"Suti? Kaka, nitatembeaje?"

"Kwa miguu. Nikifunga duka hujaja, ni yangu. Jumamosi namwoza binti na sina cha kuvaa."

Suti Moja akapiga hesabu ya pikipiki, akavua. Akatoka na pasi kwapani, amevaa kaptula na ile nusu ya shati, anatembea mgongo umeelekea ukutani.

Huku nyuma Mama Dobi hana raha. Mtu anakwenda kumletea pasi mpya, naye ampe kitu kimeoza? Kitoke kwa dobi kikiwa hivyo? Hata sahani ya jirani hajawahi kuirudisha bila kuisugua. Akatafuta majivu, ndimu na ile brashi ya kusugulia kola. Akavuta kigoda.

Suti Moja alipoingia, mama akashtuka. "Baba, wamekuvua?"

"Joto, mama."

Akapewa sarafu ndani ya kitambaa safi. Hakukifungua. Tapeli aliyehitimu hatazami mzigo mbele ya mwenyewe, maana macho huropoka. Akaaga kwa adabu zote, akakimbia.

Daktari wa meno alikuwa na mgonjwa kitini, kinywa wazi, pamba pande zote. Suti Moja akaingia kwa ubavu.

"Daktari, leo shika kitu usianguke."

Akafungua kitambaa. Sarafu ikamwaka usoni, nyeupe pee.

Daktari akaiweka chini ya lenzi. Akaigeuza. Akavua miwani taratibu.

"Nani kaiua?"

"Kaiua vipi? Si inang'aa?"

"Na kijiko kinang'aa. Hapa chini ya herufi imebaki buluu kidogo, basi. Uso wote umechunwa. Mtu kaisugua kwa majivu, tena kwa mapenzi."

"Ooo," mgonjwa akasikitika kupitia pamba.

"Utanipa nini, daktari?"

"Nitakupa pole." Suti Moja akageuka kwa hasira kutafuta mlango, daktari akauona mgongo. "Na shati, ukitaka."

Akarudi kwa Mama Dobi anahema.

"Mama, umeifanya nini sarafu?"

"Nimekuondolea uozo. Ningekupa sumu mkononi, na wewe umeniletea pasi?"

"Lakini ule uozo ndio..."

Sentensi hiyo haimaliziki bila kukiri wizi, na mtu haungami akiwa na kaptula.

"Basi nirudishie pasi."

"Ina moto, baba. Huoni niko kazini?"

Ndipo akaona kilicholala mezani chini ya pasi. Kijivu.

"Ya mwenye duka la umeme," Mama Dobi akasema. "Kaileta sasa hivi alipofunga. Anaitaka safi kwa harusi ya binti." Akanyoosha mkono wa koti, akaupitisha pasi taratibu, mvuke ukapanda. "Nikakuta inadai kifungo. Nikamwambia asinilipe, yule kijana wa kaptula ameshalipa."